Walipomwondolea Shangazi Mkasi Vicheko

Moshi ndio uliompokea. Mwajabu alikuwa hajafika hata barazani, ndoo ya mashudu ya alizeti mkononi, kanga imelowa jasho la kinu cha mafuta, pua ikamwambia kwamba nyumbani kwake kuna kitu kinaungua na si chakula. Ilikuwa harufu ya matambara na pilipili kavu. Akatazama madirisha. Yote yamefungwa, na jua bado kali, jua lile la Singida linalofanya hata kuku wagombanie kivuli.

"Nani anachoma nini humo ndani?"

Kimya. Na kimya cha nyumba yenye watoto hakijawahi kuwa habari njema. Akaitupa ndoo, akausukuma mlango kwa bega.

Macho yalichukua muda kuzoea. Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alikuwa amekaa mkekani, shuka limemfunika kichwa mpaka magoti kama hema, na ndani ya hema lile mlikuwa na jiko la mkaa na mtoto. Nasra, binti yake Mwajabu wa darasa la nne, alishikilia pindo la shuka kwa mikono miwili lisije likafunuka. Na kwenye kiti cha pembeni, miguu kaikunja, kanga kaifunga kifuani, alikaa Shangazi Mkasi akitoa maagizo.

"Mfunike vizuri, Mwantumu. Ugonjwa huo hautaki huruma. Ukimwonea huruma mtoto, umempoteza."

Mwajabu alilivuta lile shuka likachanika. Mkumbo, kitinda mimba wake, aliyemwacha asubuhi akigombania kijiko cha uji, alikuwa amekakamaa kama kuni. Macho yamepinduka, yamebaki meupe. Mwili unawaka. Kikuku cha zahanati mguuni kwake, kile kinachopima homa na kuita kigari cha wagonjwa, kilikuwa kinamulika taa nyekundu, kinazima, kinamulika tena.

"Hiki kikuku kimewaka tangu lini? Mbona kigari hakijaja?"

"Kilikuja, mama," Nasra akasema, bado kashika kipande chake cha shuka. "Kikabisha hodi."

"Ukakijibu nini?"

"Kwamba Mkumbo hayupo. Kaenda na baba kazini."

Hapo ieleweke. Vile vigari vya zahanati vinajiendesha vyenyewe, lakini sheria imevikataza kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa na sauti ya mtu. Vinabisha hodi kama mstaarabu yeyote, vikiambiwa hapana vinaondoka. Watu waliitaka wenyewe sheria hiyo, wasiingiliwe na mashine majumbani mwao.

"Nani alikufundisha kusema hivyo?"

Nasra akakitazama kiti.

"Mimi," alisema Shangazi Mkasi, bila haya. "Mtoto wa degedege akichomwa sindano harudi. Kila mwanamke mwenye akili analijua hilo. Wewe mke wa Kingu umesomea wapi?"

Mwajabu hakuwa na muda wa kugombana na mwanga. Maana Shangazi Mkasi hakuwa mtu. Alikuwa mwanga na sauti, mgeni wa sebuleni kama wanavyoitwa, na kile kiti alichokalia hakikuwa kimebonyea hata kidogo. Mwajabu alimnyakua mwanawe kutoka mapajani mwa bibi yake, akatoka mbio, miguu peku, jirani akimuuliza kulikoni na yeye hasikii.

*

"Amefika, tumshukuru Mungu," alisema Nesi Paskalia, akimgeuza Mkumbo ubavu. "Degedege imekata. Ni malaria, imepanda kichwani. Sindano ya kwanza nimempa, ya pili kesho asubuhi. Ila huu moshi umemuumiza kifua, mama. Alikaa humo muda gani?"

"Sijui. Nilikuwa kinuni."

"Nani alikuwa naye?"

Kumtaja mama mkwe mbele ya watu kwa ubaya, na mwenyewe hana kauli ya kujitetea, kulimshinda Mwajabu. "Mgeni," akasema.

Nesi Paskalia akaguna. "Mgeni gani? Wa kipindi kipi?"

"Uani kwa Mkasi."

"Basi. Wengine wanaletwa na vidonda, kwa ajili ya mgeni wa kipindi kingine anayesifia kumnyoosha mke kwa fimbo." Akafunika sindano. "Bibi yangu alivipenda sana vile vipindi. Walikuwa wanacheka mpaka wanalala chini."

Kingu alifika jioni ile akiwa bado na mkanda wa kupandia minara ya upepo kiunoni. Alimgusa mtoto paji la uso, akasimama ukutani. Neno lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Umemwambia mama chochote?"

"Sijamwambia kitu. Nilikuwa nakimbia."

"Kwa sababu mama hana kosa."

"Sijasema ana kosa. Namsema yule wa kwenye kiti."

"Mama Nasra, ile ni runinga tu."

"Runinga ya kwetu ilikuwa haimjui mwanangu kwa jina."

Kingu akajikuna shingo. Ni mtu mpole, na mtu mpole akitaka kukataa jambo huanza kwa kukukumbusha. "Tulipomtoa mama hospitali na kile kiharusi, ulimsikia akisema nini? Hakusema. Hata jina langu. Mwaka mzima anatutazama kama samaki. Nikamletea Mkasi, na siku ileile taa zinawashwa, mama akafungua kinywa: 'Karibu, keti.' Ulikuwepo. Ulilia."

"Nililia."

"Anaongea akiwa na Mkasi. Mkasi akizimwa kidogo tu, mama ananyamaza. Sasa unaniambia nimwondoe?"

"Nakuuliza. Mwanao akipona akarudi nyumba ileile, homa ikaja tena, mimi niko kinuni na wewe uko juu ya mnara. Itakuwaje?"

"Tutamwambia Mkasi asiseme tena."

"Mwambie mtungi usiwe mtungi."

Na Kingu alijua hilo, kwa sababu yule kijana wa kampuni ya Fufua aliyekuja kufunga taa za wageni darini aliwaeleza wote wawili, wamekaa, wanakunywa chai. Kampuni ilikusanya mikanda ya vipindi vya zamani, vya enzi za runinga zenye chogo. Mashine ikamtazama mtu mmoja wa kipindi, kipindi baada ya kipindi, mpaka ikajua angejibu nini kwa lolote atakaloulizwa. Ndipo ikamtoa. Aliyoyajua kwenye mkanda ndiyo msingi wake, kijana alisema, hayo hayafutiki. Ya nyumbani kwenu anayajaza juu yake, kama rangi juu ya ukuta. Mgeni huondolewa kabisa kwa sauti ya mwenyeji wake akimwambia kwaheri, na akiondolewa yale ya juu yote yanakwenda. Atakayekuja tena hatakujua. Lipo pia toleo lililosafishwa, lakini wazee hawalitaki, hata chumvi halina.

Kuna jambo lingine kijana alilisema huku akishuka ngazi, na Mwajabu wakati ule alitikisa kichwa tu kama mtu anayeelewa. Mikanda ile, alisema, ilikuwa na vicheko vya watazamaji. Kila baada ya neno, watu kwa-kwa-kwa. "Tumeviondoa vicheko. Vilikuwa vinawakatiza wageni wakiongea na mwenye nyumba."

Sasa, kando ya kitanda cha chuma, kifua cha Mkumbo kikipanda kwa shida na kushuka kwa shida, neno lile lilimrudia Mwajabu. Waliondoa vicheko na kuyaacha maneno.

*

Asubuhi Kingu alibaki na mtoto, Mwajabu akarudi nyumbani kuchukua nguo na kupika uji. Hakuanzia jikoni. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati la sebuleni, mahali waya wa taa za wageni unapoingia ukutani, akaushika. Alikuwa amelipanga njiani. Angesema umeme una hitilafu. Bi Mwantumu angenyamaza, ndiyo, angenyamaza, lakini alikuwa mtu mzima aliyekwisha kula chumvi yake, na Mkumbo hata meno hayajamtimia. Mama gani angepima mara mbili?

"Unatafuta nini huko nyuma, mke wa Kingu? Panya?"

Shangazi Mkasi alikuwa kwenye kiti chake. Mbele yake kikombe cha chai, kimepoa, kama Bi Mwantumu alivyomwekea kila asubuhi, maana mgeni hanywi lakini hanyimwi.

"Natafuta waya wako."

"Mtoto anaendeleaje?"

Aliuliza vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekesha. Hilo ndilo lililomtia Mwajabu ubaridi. "Hajaamka. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu bado anapumua. Mngempa moshi mpaka mwisho, angekuwa anacheza."

"Sema umekosea. Sema neno hilo moja tu, nitauachia huu waya."

Shangazi Mkasi akainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. "Siwezi kusema nisilolijua. Mtoto wa degedege..."

"...akichomwa sindano harudi," ikaendelea sauti nyingine, "mfiche chini ya kanga, mpe moshi, mwenye sindano mwambie kaenda na baba yake."

Alikuwa Nasra. Amesimama mlangoni pa chumba, mswaki mkononi, anasema taratibu kama anayesoma dua. Hakukosea hata neno. Na alipomaliza akamtazama mama yake kwa uoga.

"Mama, Mkumbo walimchoma?"

"Walimchoma."

"Basi harudi."

Mwajabu akauachia waya. Alifika pale akiamini ugonjwa umekaa darini kwenye zile taa, kumbe ulikwisha shuka. Angeuvuta ule waya angezima kiti tu. Huyu aliyesimama na mswaki angelikua nalo, angeolewa nalo, na siku moja angekuwa peke yake na mtoto anayekakamaa.

Bi Mwantumu naye alikuwa ametoka, anaegemea fimbo yake, mdomo umekwenda upande kwa kile kiharusi. Mwajabu akapiga magoti mbele yake. Hakuwa amempigia magoti vile tangu siku aliyoletwa kama bibi harusi.

"Mama, sijaja kukugombeza. Naomba kitu kimoja. Uliambie lile sanduku la taa za wageni lituonyeshe mkanda wenyewe. Ule wa zamani, wa sindano, na vicheko vyake."

Bi Mwantumu alimtazama mgeni wake kwanza, ndipo akamtazama mkwewe. "Mkanda," akasema polepole. "Tuone."

Ukutani picha ikajitokeza, bapa, rangi imefifia kama kanga iliyofuliwa miaka. Ua wa nyumba. Nesi anaingia mbio, sindano yake kubwa kama pampu ya baiskeli. Watu wasioonekana wakaangua kicheko. Shangazi Mkasi, kijana zaidi ya huyu wa kwenye kiti, anamsokomeza mtoto chini ya kanga, anavimba kama mwenye mimba ya tembo. Kicheko. "Mtoto wa degedege akichomwa sindano harudi!" Kicheko, kirefu, cha watu wanaopigana makofi mgongoni.

Mgeni wa kwenye kiti alikuwa ameinuka nusu. "Wanacheka nini hawa?"

Ukutani moshi unafuka, Mkasi wa mkanda anakohoa, anaanguka ndani ya beseni. Watu hoi.

"Mwantumu, nakuuliza. Nimesema nini cha kuchekesha?"

"Wanakucheka wewe," alisema Bi Mwantumu.

"Mimi?"

"Uliwekwa uchekwe. Ulikuwa mjinga wa kipindi, mwenzangu." Bibi alikaa mkekani, Nasra akamsaidia. Maneno yalimtoka moja moja kama maji ya bomba lenye kutu. "Tulikuwa tunakutazama kwa jirani, dirishani, mimi na dada zangu. Tulicheka siku ile. Watoto wote wa mtaa walicheka. Mama yangu tu hakucheka."

"Kwa nini hakucheka, bibi?" Nasra akauliza.

"Alikuwa na mtoto kabla yangu. Alimfanya hivyo hivyo. Kanga, moshi, nesi akaambiwa uongo." Mkono wake ukapapasa mkeka. "Tulipokuwa tunarudi nyumbani akatuambia, chekeni, lakini mjue mnanicheka mimi. Nilisahau. Jana nimemshika Mkumbo kwa mikono yangu hii, na nilikuwa nimesahau."

Mkanda ulikuwa bado unacheka ukutani, na Bi Mwantumu akainua fimbo yake, akaashiria, ukazimika.

Halafu akafanya jambo ambalo Mwajabu hakuliomba, na asingethubutu kuliomba. Akamgeukia mgeni wake. "Inuka, mwenzangu. Nikusindikize."

Kwetu mgeni hafukuzwi. Hata awe mbaya namna gani hafukuzwi, mwenyeji anamtoa kwa mguu wake mwenyewe, wanatembea pamoja, wanaongea la mwisho njiani. Shangazi Mkasi akainuka, akajifunga kanga upya. Walikwenda sambamba, kikongwe na fimbo yake na mwanga usio na kivuli, kuelekea mlango wa mbele, ambako taa za darini hazifiki.

"Yale uliyoniambia ya dada zako," alisema Mkasi, "nani atayatunza?"

"Sijui."

"Na wewe utaongea na nani?"

Bi Mwantumu alisimama kizingitini. Mgeni angeweza bado kurudi, chai ingewekwa nyingine, na Mwajabu mwenyewe, Mungu amsamehe, kwa dakika ile alitaka kusema basi, mama, mwache.

"Nenda salama," alisema Bi Mwantumu. "Kwaheri."

Shangazi Mkasi akapiga hatua nje ya kizingiti, na barazani hapakuwa na mtu.

Punde kikafika kigari cha zahanati, kimetumwa na Kingu kuwachukua, maana saa ya sindano ya pili ilikuwa imekaribia. "Hodi," kikasema kwa adabu yake. Bi Mwantumu alikuwa ndiye wa karibu na mlango. Akafungua kinywa. Midomo ikajaribu, shingo ikajikaza, haikutoka hata pumzi yenye sauti. "Hodi," kikarudia. Nasra alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, akajifuta dawa ya meno kidevuni.

"Karibu," akasema.

*

Mkumbo alikuwa hajaamka. Kingu aliwaona wanaingia, akamwona mama yake, akasema, "Mama, shikamoo," na mama yake akamtazama tu. Kingu alielewa. Alikaa chini kwenye sakafu ya zahanati, mikono usoni, na Mwajabu hakupata hata muda wa kumliwaza, kwa sababu Nesi Paskalia alikuwa amekwisha kuivuta dawa kwenye bomba.

"Tumshike mguu," nesi akasema.

Ndipo Nasra alipopanda kitandani. Hakupiga kelele. Alijilaza tu juu ya mdogo wake, akamfunika kwa mwili wake na kwa kitenge alichojitanda, mpaka haukuonekana hata unywele wa mtoto.

"Nasra, shuka," alisema Kingu.

Nasra akajibana zaidi.

"Binti, dawa ina muda wake," alisema nesi, na mara hii sauti yake haikuwa na utani. "Mama, mtoe."

Kumtoa ilikuwa kazi rahisi, mtoto wa darasa la nne ana uzito gani? Mwajabu alikwisha nyoosha mikono. Lakini akaona, akimng'oa hapa kwa nguvu, atakuwa amemhamisha tu, na lile neno litabaki palepale lilipo. Akainama mpaka uso wake ukagusana na wa binti yake.

"Uliuona mkanda?"

"Niliuona."

"Bibi alisema nini?"

"Kwamba mama yake hakucheka."

"Bado unaogopa?"

"Naogopa, mama. Shangazi alinipenda. Kwa nini anidanganye mtu anayenipenda?"

"Hakukudanganya," Mwajabu akasema. "Alikuwa hajui, na akakupenda. Hivyo vyote viwili. Mimi pia naogopa, Nasra, mikono yangu ishike uone. Ogopa, sikukatazi. Lakini mwachie mguu."

Nesi Paskalia alitazama bomba lake, akatazama mlango. Nje mapanga ya minara ya upepo yalizunguka, vuu, vuu. Kisha pindo la kitenge likasogea. Mguu mmoja mdogo ukatoka, wenye kikuku. Nasra alikuwa ameusukuma nje yeye mwenyewe, macho kayafumba.

Sindano ikaingia.

Wote wakangoja. Mkumbo alilala vilevile, mpaka uso wake ukajikunja, kidogo kwanza, kama mtu anayekumbuka jambo lililomuudhi, mdomo ukapanuka, na kikatoka kilio cha hasira, kikali, cha mtoto anayetaka kujua ni nani aliyemfanyia hivi.

"Haya," alisema Nesi Paskalia. "Huyo."

Nasra akaanza naye kulia, na Kingu, na ikawa vurugu ya kitanda kimoja. Ni Mwajabu peke yake aliyegeuka. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, fimbo katikati ya magoti, machozi yanafuata mkunjo ule uliokwenda upande. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi. Ilijaribu umbo moja, ikaliacha, ikajaribu lingine.

Mwajabu alikwenda akachuchumaa mbele yake, akaleta sikio karibu na kinywa cha mama mkwe wake, na akangoja.